Jembe lisiwe adhabu: je, walimu wa Dodoma tuna la kujifunza kutoka Hawaii?

Mwalimu wa Chamwino aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Chamwino, na somo langu ni Jiografia na Mazingira. Kwa miaka minne mfululizo shule yetu imepanda miche kila ilipofika tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, na kwa miaka minne mfululizo miche hiyo imekauka kabla ya Oktoba. Mwaka jana tulipanda 150. Nilipoihesabu baada ya likizo ya Juni nilikuta 9, na kati ya hiyo miwili ilikuwa imeliwa na mbuzi hadi shinani.

Niliwauliza wanafunzi wa darasa la sita kwa nini hakuna aliyejishughulisha kuimwagilia wala kuizungushia miiba. Mmoja akanijibu, bila kiburi chochote, "Mwalimu, ile ni miti ya shule." Jibu hilo limenikaa moyoni. Nilipotafakari nikakumbuka kwamba kwetu jembe hutolewa stoo kwa sababu mbili tu, siku ya mgeni rasmi na siku ya adhabu. Anayechelewa namba hupelekwa kupalilia, na anayepiga kelele darasani huonyeshwa kisiki uwanjani akang'oe. Nami, kusema kweli, ni miongoni mwa walimu wanaotoa adhabu hizo, kwa hiyo simlaumu mtu.

Hivi karibuni mwenzangu amenipa makala kuhusu shule za Hawaii, jimbo la Marekani lililo katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako wanafunzi hufundishwa kuitunza ardhi kwa kupitia maadili ya wenyeji wa visiwa vile. Mwaka 2015 bodi ya elimu ya jimbo hilo ilipitisha mwongozo uitwao Nā Hopena Aʻo, ambao kwa kifupi huitwa HĀ, neno lenye maana ya pumzi, nao unataka maadili hayo yaguse masomo yote na si kipindi kimoja cha mazingira. Naomba mnisaidie kupima: je, jambo kama hili linaweza kushika mizizi katika nchi kavu kama yetu, au ni maneno mazuri ya watu wa visiwani? Tafadhali mnishauri kuhusu kazi yenyewe zaidi ya kaulimbiu, kwa sababu kaulimbiu tunazo, zimeandikwa kwa rangi kwenye kuta zote za madarasa.

Msomaji wa Nzuguni alijibu:

Mwalimu mwenzangu, umegusa jambo zito. Nilifundisha historia kwa muda mrefu, na habari za Hawaii nimezifuatilia. Ningependa tuanze na maneno yao kabla hatujalifikia jembe, kwa kuwa mafunzo yote unayoyasikia yamejengwa juu ya maana za maneno hayo.

Ardhi kwa lugha yao ni ʻāina, na neno hilo limetokana na ʻai, yaani kula. Ardhi ni kile kinacholisha. Mālama ni kutunza. Basi mwanafunzi anayefundishwa mālama ʻāina haambiwi "tuhifadhi mazingira", maneno ambayo mtoto wetu huyasikia kama tangazo la mkutano wa hadhara. Anaambiwa amtunze anayemlisha. Masimulizi yao ya asili yanakwenda mbali zaidi. Yanasema kwamba Hāloa, mtoto wa Wākea na Hoʻohōkūkalani, alizaliwa akiwa amekufa, akazikwa, na mahali alipozikwa likaota gimbi la kwanza; mtoto aliyemfuata, ambaye alipewa jina hilohilo, ndiye asili ya watu. Gimbi kwa hiyo ni kaka mkubwa na mwanadamu ni mdogo wake. Mkubwa humlisha mdogo, na mdogo humtumikia mkubwa, kwa hiyo darasa zima linapoingia kwenye majaruba ya magimbi kung'oa magugu, linakwenda kumhudumia ndugu.

Lakini neno linalokuhusu wewe hasa ni kuleana. Sisi tunahitaji maneno mawili, haki na wajibu, na mara nyingi tunayagawa, mmoja akapewa haki na mwingine akabebeshwa wajibu. Kuleana ni yote mawili kwa pamoja. Wajibu wangu juu ya shamba ndio unaonipa haki ndani yake, na haki yangu ndiyo inayonizuia kulitelekeza. Neno hili lina historia yenye uchungu: baada ya mfalme wao kuigawa ardhi mwaka 1848, sheria ya mwaka 1850 iliwaruhusu watu wa kawaida kudai vipande walivyokuwa wakivilima, navyo vikaitwa kuleana, lakini wengi hawakupata kitu, na hatimaye eneo kubwa likawa mashamba ya miwa ya wageni. Kwa hiyo mtoto wa Hawaii anapofundishwa neno hili anafundishwa pia kilichopotea. Mwanafunzi wako aliyesema "ile ni miti ya shule" alikuwa akikueleza, kwa adabu, kwamba amepewa wajibu usio na haki.

Nyongeza ndogo ya lugha, ambayo mnaweza kuipuuza. Ushirikiano wa kazi huitwa laulima, yaani mikono mingi, maana lima kwao ni mkono, na pia ni tano. Mswahili akilisikia atadhani anaitwa shambani, na hatakuwa amekosea sana. La pili ni kubwa zaidi: mwenyeji wa mahali huitwa kamaʻāina, na kama ni mtoto, hivyo neno zima ni mtoto wa ardhi. Sisi tunasema mwananchi, mwana wa nchi. Ni neno lilelile, ila letu tumelichakaza kwenye majukwaa ya siasa mpaka hatusikii tena kwamba ndani yake kuna mama na mwana.

Tahadhari yangu ni moja. Maadili haya hayakushuka kutoka ofisini. Utawala wa kifalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia shuleni. Ilichukua hadi mwaka 1978 kwa katiba ya jimbo kukitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi, na shule ya awali ya kwanza ya kurudisha lugha hiyo kwa watoto ilifunguliwa mwaka 1984. Mwongozo ule wa 2015 ni tunda la mti ambao wazazi waliupanda miaka mingi kabla. Ukichukua tunda peke yake, utalila siku moja.

Kijana wa UDOM alijibu:

Nayaheshimu maelezo ya mwalimu wa Nzuguni, ila nina shaka na ulinganisho wenyewe. Mlima Waiʻaleʻale katika kisiwa cha Kauaʻi hupata takriban milimita 10,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma tunahesabu milimita 500 hadi 600, zinazoanza Desemba na kukoma Aprili. Tena, watu hao wanaosema ardhi ni kile kinacholisha huagiza sehemu kubwa mno ya chakula chao kutoka nje kwa meli. Na mwezi Agosti 2023 mji wa Lahaina, kisiwani Maui, uliungua na watu wapatao 100 wakafa, na miongoni mwa vilivyouchochea moto ule ni nyasi kavu zilizoyafunika mashamba ya miwa yaliyoachwa, nyingine zikiwa ni aina za nyasi zilizotoka Afrika. Kama maadili yanatosha, mbona hayakuyafyeka?

La pili ni kwamba haya mambo tunayo. Pale Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, pango la Mongomi bado hutumika kwa matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua. Mtemi wa Wagogo alitunza mawe ya mvua na kusimamia matambiko ya nchi yake. Kwa nini tuvuke Bahari ya Pasifiki kutafuta kilicho kwa babu zetu?

Mstaafu wa Kondoa alijibu:

Kijana wangu, swali lako ni zuri, lakini umeipimia Hawaii yote kwa mlima mmoja. Nenda kwenye kisiwa cha Kahoʻolawe. Kimekaa nyuma ya mlima mrefu wa kisiwa cha Maui unaokizibia mvua, na hakipati hata milimita 700 kwa mwaka. Hiyo ni mvua ya kwetu. Na kisa chake, kwa sisi tuliokulia Kondoa, kinatisha kwa kufanana na chetu.

Mbuzi waliletwa pale na mabaharia, baadaye wakaongezwa kondoo na ng'ombe, na majani yakaliwa mpaka udongo mwekundu ukaanza kuhama kwa upepo na maji kuelekea baharini. Kisha, kuanzia mwaka 1941, jeshi la Marekani likakifanya kisiwa kizima kuwa shabaha ya mabomu. Mwaka 1976 kikundi kidogo cha wenyeji kilivuka kwa mashua bila ruhusa kwenda kudai kisiwa chao, na wenzao wakaendelea kwenda. Wawili miongoni mwao walipotelea baharini mwaka 1977. Mabomu yalikoma mwaka 1990, na mwaka 1994 kisiwa kikarudishwa kwa jimbo. Mpaka leo yapo mabomu ardhini ambayo hayajalipuka, kwa hiyo mtu hawezi kuchimba mashimo ovyo. Watu wa kujitolea, wanafunzi wakiwa miongoni mwao, hutandaza matita ya nyasi kavu juu ya ardhi iliyokwanguka ili yakamate udongo, ndipo mimea ya asili ishike. Kabla ya kukanyaga pwani huimba kuomba ruhusa ya kuingia. Nasisitiza hilo kwa sababu wengine watalichukulia kama mapambo, na kumbe hapo ndipo somo linapoanzia: mtoto anaanza kazi akiwa mgeni mwenye adabu.

Sasa tazama kwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 iliamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 1,256. Makorongo yalianza kuota majani na miti ikarudi, hilo halina ubishi, na wataalamu wa nchi nyingi walikuja kuliona. Lakini ng'ombe waliondoka kwa amri. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini uliruhusiwa miaka kumi baadaye, na katika miaka hiyo kumi mtoto wa Mrangi alijifunza kwamba kutunza ardhi ni jambo linalofanywa na wenye magari. Kahoʻolawe ilidaiwa na watu wake kwanza, ndipo serikali ikafuata. Kondoa serikali ilitangulia, na watu wakafuata polepole. Ardhi ilipona kwetu pia, tena kwa haraka, na sitaki kuidharau kazi ile. Nauliza tu ni wapi kati ya hizo mbili mtoto angesema "ni yetu".

Kuhusu babu zetu, nakuunga mkono kwa moyo wote. Ila usiwafikishie watoto matambiko tu. Wafikishie na majina. Dodoma yenyewe ni Idodomya, mahali palipozama, kwa kumbukumbu ya tembo aliyezama matopeni alipokuja kunywa maji. Ni watoto wangapi wa mjini wanajua kwamba jina la makao makuu ya nchi ni habari ya kinamasi? Hata njaa zetu zilipewa majina. Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo, ilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mwenye kulijua jina hilo hawezi kusema kwamba nchi hii ina njaa kwa sababu ya ukame peke yake. Watu wa Hawaii humfundisha mtoto jina la mlima wake, la mto wake, hata la mvua na upepo wa mahali pake. Mtoto wa Chamwino anajua jina la korongo lililo nyuma ya shule yake?

Kijana wa UDOM alijibu:

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na habari ya Kahoʻolawe sikuwa naijua. Narudisha nusu ya shaka yangu. Nusu nyingine, ile ya chakula cha kuagiza, nabaki nayo.

Mama Zabibu wa Hombolo alijibu:

Mwalimu, mimi si msomi wa Hawaii. Nina ekari mbili za zabibu na wajukuu watano shuleni. Nimesoma swali lako mara mbili, na kuna jambo ambalo wenzangu wote wamelipita. Umesema mtoto anayepiga kelele hupewa kisiki akang'oe. Mwalimu, hivyo visiki ndivyo miti yako.

Katika nchi hii yetu, chini ya kila kisiki cha mgunga kinachochipua kuna mizizi ambayo tayari imekwenda chini kutafuta maji. Mche unaoupanda tarehe 1 Aprili unawekwa ardhini wakati mvua zimebakiza wiki chache, nao hauna mzizi wowote wa maana. Mnafunga shule Juni, hakuna wa kubeba ndoo, na Septemba upepo unaumaliza. Kisiki hakihitaji ndoo. Kwenye vijiji vingi vya mkoa wetu watu wamefundishwa njia hii kwa jina la Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation lenye makao hapa Dodoma limeieneza kwa miaka kadhaa. Unachagua kisiki, unabakiza machipukizi mawili au matatu yaliyo imara na yaliyonyooka, unapogolea mengine, unafunga utepe ili kila mpita njia ajue kwamba kina mwenyewe, kisha unakilinda na mifugo. Kama eneo ni tambarare iliyokauka kabisa na haina hata kisiki, chimbeni makinga maji ya nusu duara kama yale ya Pembamoto kule Kongwa, yashike maji ya mvua na mbegu za majani.

Sasa nije kwenye lile neno kuleana, ambalo nimelipenda. Shule nyingi huwataka watoto waje na kuni za kupikia uji. Matawi mnayoyapogoa ni kuni. Mkikubaliana kwenye kamati ya shule kwamba kila kikundi cha watoto kina visiki vyake, na kwamba kuni za kupogolea visiki hivyo zinahesabika kuwa mchango wa kikundi hicho, hakuna mtoto atakayesema ni miti ya shule. Ila liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mwalimu mkuu akihamishwa, anayekuja atafuta kila kitu ambacho hakikuandikwa.

Jambo lingine ni la maji. Mzee wa Kondoa amesema watoto wajue jina la korongo. Mimi nasema walifuate kwa miguu. Maji ya upande wetu huingia mto Kinyasungwe, yakaenda hadi Wami, na Wami inamwaga Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Njiani yapo mabwawa. Bwawa la Ikowa, hapo kwenu Chamwino, lilichimbwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 watafiti walikuwa tayari wamepima na kuona kwamba linajaa udongo kwa kasi. Udongo huo ulitoka kwenye mashamba ya babu za wanafunzi wako. Wapeleke wakaushike kwa mikono.

Msomaji wa Nzuguni alijibu:

Mama, umenisaidia kusema nilichoshindwa kusema. Kufuata maji kutoka kilimani hadi yanakoishia ndiyo maana ya ahupuaʻa, ule mgawanyo wao wa zamani wa ardhi uliochukua kipande kimoja kutoka mlimani hadi baharini, ili anayelima juu asimsahau anayevua chini. Wanafunzi wao wengi hufundishwa jiografia kwa ramani hiyo.

Naongeza tahadhari kwa Mwalimu, kwa kuwa sote hapa tunapenda kupanda miti. Mwaka 1902 mikoko ilipelekwa Hawaii, kisiwani Molokaʻi, ili izuie tope lisiingie baharini. Haikuwa mimea ya kule. Ilisambaa, na sasa katika bwawa la kale la samaki la Heʻeia, kisiwani Oʻahu, watu wa kujitolea na wanafunzi huikata mikoko ili kuokoa ukuta wa mawe uliojengwa na mababu. Mkazi wa Rufiji akisikia kwamba watoto wanasifiwa kwa kukata mikoko atashika kichwa. Lakini ndivyo ilivyo: mti wa jamii moja ni mlinzi kwetu na mvamizi kwao, na mwanafunzi hawezi kujua ni upi asipoijua kwanza nchi aliyosimama juu yake. Kwa hiyo ukipewa miche ya bure, uliza jina lake.

Mwalimu wa Chamwino alijibu:

Nawashukuru sana, na kwako Mzee wa Kondoa, shikamoo. Jana sikusubiri kipindi cha mazingira. Niliwatoa darasa la sita saa nne, tukazunguka eneo la shule tukihesabu visiki vinavyochipua, na tumepata 37, vingi vikiwa nyuma ya vyoo na kando ya uwanja wa mpira, pale pale ambapo nimekuwa nikiwapeleka watoto wakang'oe. Niliwaeleza hivyo waziwazi. Walicheka, kisha wakanyamaza.

Yule mtoto aliyenijibu kuhusu miti ya shule alichagua kisiki kilicho karibu na njia ya mifugo, nikamwambia hapo mbuzi watakisumbua. Akasema bibi yake anakaa ng'ambo ya njia na anaweza kukiona akiwa mlangoni. Korongo nalo lina jina. Amekwenda kumwuliza bibi huyohuyo maana yake, nami nasubiri jibu hadi Jumatatu.

Adhabu ya jembe nimeisimamisha darasani kwangu, ingawa kwa shule nzima bado nahitaji kikao. Nimebaki na swali moja kwa Mama Zabibu: utepe wa kufungia nitumie wa aina gani, maana ule wa kitambaa niliojaribu jioni ile ulikuwa umefunguliwa na watoto wa mtaani kabla ya jua kuzama?

Mama Zabibu wa Hombolo alijibu:

Chana mifuko ya salfeti iliyoisha, mwalimu, ukate vipande virefu. Havina kazi kwa mtu yeyote, havivutii mtoto kuchezea, na rangi nyeupe inaonekana hata na mchunga ng'ombe wa jioni. Fungeni kwa kulegeza kidogo, chipukizi hunenepa haraka mvua ikinyesha.